Kadi za Wangeci

Karatasi iliyokatwa sasa hivi hainuki kama kitabu. Kitabu hunuka gundi na vumbi, lakini karatasi iliyotoka kwenye kisu hunuka mti, na ukiisogeza puani ikiwa bado ina joto la mashine, inakuwasha mpaka unapiga chafya. Baba alirudi na harufu hiyo kila jioni kutoka River Road, alikofanya kazi katika kiwanda kidogo cha kuchapisha kadi za harusi, vitabu vya risiti na programu za mazishi. Ilikuwa kwenye shati, kwenye nywele, hata kwenye chenji aliyotupa tukanunue maziwa. Siku ya Ijumaa alikuja pia na mfuko wa vipande vilivyobaki: vyembamba, vipana, vya manila ngumu ya rangi ya waridi, vya karatasi inayong'aa ambayo haishiki wino wa kalamu. Mama alivitumia kuwashia jiko. Dada yangu Wangeci alivitumia kuumba watu.

Tuliishi mtaa wa Satellite, Nairobi, kwenye ploti ya mama mzaa baba, ambaye sisi sote tulimwita Shosho. Mbele palikuwa na nyumba yetu ya mawe yenye baraza ya saruji, na nyuma vyumba vinane vya kupangisha vilivyotazamana, katikati yake bomba moja la maji na kamba za nguo zisizopumzika. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Wangeci alikuwa na kumi na minne, ametoka kufanya mtihani wa darasa la nane, anasubiri kuitwa kidato cha kwanza. Aliyewahi kuupitia msimu huo, kuanzia Novemba hadi mwaka mpya, anajua kwamba hakuna kiumbe asiye na kazi kama mtoto aliyemaliza darasa la nane. Hana sare, hana zoezi la nyumbani, na kila mgeni anamuuliza swali lile lile: matokeo yanatoka lini? Wenzake walilala hadi saa nne. Yeye alikuwa na kichwa kisichokubali kukaa bure, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja niliijua hali hiyo vizuri, maana alihesabu vitu hata usingizini. Nilimpenda na kumwogopa. Mpaka leo sijakutana na mtu aliyenistaajabisha kama yeye.

Yote yalianza na kitabu ambacho Baba alikiokota kwenye rundo la karatasi zilizosubiri kuuzwa kwa kilo. Hakikuwa na jalada, wala kurasa za kwanza wala za mwisho, na panya walikuwa wameshakula kona zake. Kilikuwa cha Kiingereza, kikieleza mchezo usio na ubao. Mmoja anasimulia safari, wengine kila mmoja anakuwa mtu mwingine ndani ya safari hiyo, na unapotaka kufanya jambo gumu, kuruka mto au kumshawishi mlinzi wa lango, unarusha dadu na dadu inaamua. Kila mchezaji alikuwa na fani yake: mpiganaji, mchawi, mwizi au kasisi. Kilichomvutia Wangeci ni kurasa zilizoeleza namna ya kumchonga mtu wako ndani ya fani hiyo, ili wapiganaji wawili waliokaa meza moja wasifanane hata kidogo. Alikisoma mara tatu, kisha akatukusanya barazani: mimi, Akinyi wa chumba namba tatu na Musa wa chumba namba sita. Dadu tulikopa kwenye ludo ya kina Musa, na hatukuirudisha.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa Shosho. Siku ya Jumapili alirudi kanisani, kitambaa cheupe kichwani, akanikuta nimesimama juu ya kiti natangaza kwamba mimi ni mchawi na nimewageuza wote mawe. Shosho hakupandisha sauti. Alivua viatu, akavipanga, akasema, "Kwa hii nyumba hakuna mchawi. Hata wa karatasi." Wangeci akajaribu kumweleza kwamba kuna fani nyingine. Shosho akazikagua moja moja kama anayekagua nyanya sokoni. Mwizi hakumtaka, kwa sababu juzi tu alikuwa ameibiwa kuku wawili. Kuhusu kasisi akauliza kama anaweza kushindwa na dadu. Alipoambiwa ndiyo, akasema hiyo ni dharau kwa kanisa. Akabaki mpiganaji peke yake, na mchezo wa wapiganaji watupu ni kelele tu. Kwa hiyo Wangeci alizitupa fani zote nne za kile kitabu, akachukua daftari jipya la kurasa tisini na sita, akasema atatunga zake.

Alichotunga ni koo. Nasema ukweli, nilipoziona mara ya kwanza niliona ni kazi ya ajabu, na kwa upande fulani ilikuwa hivyo. Palikuwa na Watu wa Mlima, Watu wa Ziwa, Watu wa Msitu na Watu wa Duka, kila ukoo na salamu yake, nguo zake, chakula chake cha safari, na orodha ya uwezo ulioandikwa kwa namba kuanzia sifuri hadi sita. Ukirusha dadu ikaangukia namba isiyozidi uwezo wako, umefaulu. Hesabu zilikuwa zimepimwa, kila ukoo ukijumlishwa unapata ishirini na nne. Ila katika kitabu cha panya mtu alichagua fani, na katika daftari la Wangeci hakuna aliyechagua. Alikuuliza kwenu ni wapi, basi. Musa ambaye kwao ni Kakamega akawa wa Msitu. Mimi nikawa wa Mlima. Akinyi akawa wa Ziwa, ingawa alizaliwa Nairobi na ziwa lenyewe alikuwa ameliona mara mbili, zote kwenye mazishi. Watu wa Ziwa walipewa kusema tano, kuogelea tano, kusoma tano, na chini kabisa, kwa mwandiko nadhifu wa dada yangu: Kujenga sifuri, hupanga.

Nimejiuliza mara nyingi aliitoa wapi sentensi ile. Nadhani aliinua tu macho kutoka kwenye daftari akatazama mbele yake. Pale mbele palikuwa na sisi tulio na nyumba na wao walio na vyumba, na mtoto wa miaka kumi na minne akadhani hivyo ndivyo dunia ilivyokatwa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mjukuu wa mwenye ploti hajui kwamba yeye ni mjukuu wa mwenye ploti. Mimi pia sikuona kitu. Nilimsomea Akinyi mstari ule mwenyewe, kwa furaha, kwa sababu aliniuliza ana nguvu gani.

Akinyi alikuwa rafiki yangu tangu nasari. Alikuwa mdogo wa mwili, na kicheko chake kilianza kama kikohozi, kikakaa, halafu kikatoka chote kwa mara moja mpaka watu wa bombani wakageuka. Tuliketi dawati moja, tukala andazi moja. Wiki ya tatu ya mchezo, baada ya safari ndefu ambayo Akinyi kwa maneno yake matamu alikuwa ametuokoa kutoka kwa mfalme mwenye hasira, mfalme yule alitupa kilima kizima tujenge tukae. Tulishangilia. Kila mmoja akaanza kueleza nyumba yake.

"Yangu itakuwa na milango miwili," Akinyi akasema. "Mmoja wa mbele, mmoja wa kuangalia maji."

Wangeci akafungua daftari. "Watu wa Ziwa hawajengi. Wewe utapanga kwa Nyambura."

Nyambura ni mimi. Akinyi akanitazama, kisha akamtazama Wangeci. "Kwani mimi siwezi kujenga?"

"Si mimi nimesema. Iko kwa sheria."

"Na hiyo sheria iliandikwa na nani?"

Mama Akinyi alikuwa akianika nguo hatua chache kutoka pale, vibanio vitatu mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa aproni, akasema polepole, "Akinyi, kuja ndani." Akinyi akainuka. Hakukimbia wala hakulia, na mlango wa chumba namba tatu, ambao mchana haukuwahi kufungwa kwa sababu ya joto, ukafungwa.

Lazima niseme mwaka ule ulikuwaje. Ulikuwa mwaka ambao watu wazima walikuwa wamejifunza kunyamaza ghafla mtoto akiingia. Mwanzoni mwake, baada ya ghasia za uchaguzi, wapangaji wawili walihama bila kuaga, na vyumba vyao vilikaa na vumbi hadi Juni. Sisi watoto tulijua pana jambo, kama unavyojua kuna mgonjwa nyumbani hata kabla hujaambiwa. Mama Akinyi alikuwa amebaki. Alishona sare za shule chumbani mwake, na mlio wa cherehani yake ndio uliotuamsha asubuhi. Sasa cherehani iliendelea kulia nyuma ya mlango uliofungwa, na baada ya siku mbili Musa, ambaye habari zote zilipita kwake kwanza, akatuambia Mama Akinyi ameonekana upande wa Kawangware akiulizia chumba. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mtu akihama Satellite kwenda Kawangware unaweza kumfuata kwa miguu, lakini mimi nilijua hatanikaribisha, na nilijua ni kwa nini. Nilimwambia Wangeci kwamba amenifukuzia rafiki. "Mimi niliandika tu vile iko," akasema, akageukia ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona dada yangu hajui la kufanya, na jambo hilo lilinitisha kuliko kuhama kwenyewe.

Jumamosi hiyo Baba alitupeleka kazini kwake, kama alivyofanya mara moja moja ili Mama apumzike na kelele zetu. River Road asubuhi ni mikokoteni, mabomba ya plastiki yaliyobebwa begani, na watu wanaotembea katikati ya barabara kwa sababu kando kumejaa bidhaa. Kiwanda kilikuwa juu ya duka la misumari, ngazi zake nyembamba zikinuka mafuta ya mashine. Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Sandhu, Singasinga mwenye kilemba cha buluu na miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kwa miaka yote Baba alimwita Mzee, naye akamwita Baba mwalimu, na sijui utani huo ulianza vipi. Alituruhusu kukata. Haikuwa kwa mashine kubwa, ile aliigusa mwenyewe na Baba tu, bali kwa rula ya chuma na kisu, mezani. Nilipokata yangu ikaenda upande akaicheka, akaitupa, akanipa nyingine. "Rudia. Wewe iko naangalia kisu. Angalia mahali kisu nakwenda." Nilirudia karibu mara ishirini. Wangeci aliweka kisu chini, na kwa ghafla akamuuliza Mzee Sandhu kama kukata karatasi ni kazi ya ukoo wao.

Mzee Sandhu alicheka tena, ila kwa upole. Akasema ukoo wao ni wakulima, babu yake hakuwahi kukata karatasi maishani. Yeye alikuja mjini kijana, hajui lolote, akafundishwa na Mkamba mmoja aliyeitwa Mutua, ambaye alikuwa mkali na alimpiga vidole kwa rula hii hii. Mutua alifundishwa na mtu wa Pwani. Yeye Sandhu amemfundisha Baba yetu. "Sasa hii mikono ya baba yako," akasema akimwonyesha Wangeci, "si ya kwenu. Iko ya Mutua." Baba alikuwa akifunga bando la kadi za harusi, akatikisa kichwa bila kuinua macho, kukubali. Dada yangu alitazama mikono ile kwa muda mrefu. Nilimwona akianza kuhesabu kwa midomo, kama usingizini, na nikajua mchezo haujafa.

Tulirudi na mfuko wa manila ya waridi, na siku nne zilizofuata alifuta kila kitu. Koo zote nne alizipiga mistari, si kwa hasira, kwa rula. Akakata kadi za ukubwa wa kiganja, akaziacha wazi. Kadi ilikuwa na nafasi tano za uwezo, na mwanzoni zote zilikuwa tupu, kwa sababu, alivyoniambia, hakuna mtu anayezaliwa anajua. Mbele uliandika ujuzi na namba yake. Nyuma uliandika, kwa kila ujuzi, maneno mawili na jina: Nimefundishwa na. Na hapo ndipo akili yake iliponishangaza, kwa sababu kufundishwa huko kulikuwa kwa kweli. Ukitaka mtu wako wa mchezo ajue kunoa visu, unaenda kwa mnoa visu mwenyewe, yule wa baiskeli aliyepita Jumanne na Alhamisi, unajifunza, na yeye ndiye anakupa namba kwa vile alivyokuona. Sheria ya pili ilikuwa fupi: huwezi kufundishwa na mtu wa nyumba yenu. Nilimkumbusha kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kana kwamba nimemkamata. "Mamake ameshamfunza," akajibu. "Sasa aende kwa ulimwengu." Ukifikisha ujuzi wa tatu, unajipa jina la fani yako mwenyewe, jina ambalo halijawahi kutumiwa. Ukijaza nafasi zote tano na bado unataka kujifunza, unafuta mojawapo, na huyo mwalimu wako unaenda kumwomba radhi.

Usidhani ilitoka sawa mara moja. Musa alifundishwa kupiga mluzi na yule mnoa visu, akapewa sita, na kwa siku mbili mchezo haukuchezeka. Kila tulipofika kwenye hatari Musa alipiga mluzi. Simba, mluzi. Mlango uliofungwa, mluzi. Mfalme mwenye hasira akapigiwa mluzi akalala usingizi. Wangeci hakumlaumu Musa wala hakumpunguzia namba, kwa kuwa namba ya mwalimu haiguswi na mtu. Aliongeza mstari mmoja tu, kwamba kila ujuzi unatumika mara moja katika safari, halafu unapumzika kama mtu, na Musa akalazimika kufikiri. Nimeona watu waliosomea kazi za kupanga mambo wakishindwa na tatizo dogo kuliko hilo, wakaitisha mkutano.

Lakini Akinyi hakuwepo, na sote tulijua kadi zile zilikatwa kwa ajili yake. Siku ya tano ya mchezo huo mpya Wangeci alichana nywele, akavaa sketi ya kanisani, akaenda kubisha chumba namba tatu. Nilimfuata hadi bombani nikajifanya nachota maji. Mama Akinyi alifungua. "Mama Akinyi, niliandika kitu kibaya," Wangeci akasema. "Nimefuta. Nimekuja unisamehe, na kama utakubali unifundishe kushona." Alisema hivyo hivyo, yote kwa pumzi moja. Mama Akinyi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Nilisikia siku hiyo," akasema. "Kaa hapo." Akampa kipande cha kaki, sindano, uzi, akamwambia ashone tundu la kifungo kwa mkono. Anayedhani ni kazi ndogo na ajaribu. Unakata kitambaa, halafu unazungusha uzi ukingoni, mshono kando ya mshono, ili kisifumuke kikivutwa kila siku na mtoto asiyejali.

Alasiri tatu nzima Wangeci aliketi kwenye kigoda mlangoni. Kila alipomaliza, Mama Akinyi aliinua kitambaa kwenye mwanga. "Hii umeshona ama umefunga mzigo? Fumua." Akafumua. "Hii ni ya kifungo ama ya kupitisha ng'ombe? Fumua." Wapangaji walipita wakicheka, na dada yangu, aliyekuwa wa kwanza darasani kuanzia darasa la kwanza, alifumua na kuanza upya mbele ya ploti nzima. Akinyi alikuwa ndani, amekaa kitandani, na siku ya pili nilisikia kile kikohozi chake kikianza, kikakaa, halafu kicheko chote kikatoka. Sijui kama nimewahi kusikia sauti nzuri zaidi. Siku ya tatu Mama Akinyi aliligeuza tundu mara mbili, akalivuta, halikufumuka. Akachukua kadi ya waridi na kalamu. "Mbili," akasema, akaandika. "Na usijivune." Kisha, akiwa bado ameishika, akauliza, "Na huyu wangu, yeye atafundishwa na nani?" Wangeci akamjibu kwamba na yeyote asiye wa nyumba yao. Mama Akinyi akainua macho akaitazama nyumba ya mawe. "Basi aende kwa mwenye ploti. Amfundishe kujenga."

Nilitamani ardhi inimeze. Shosho hakuwa mtu wa kuombwa ovyo, na isitoshe hakujua lolote kuhusu ule mstari. Akinyi alikwenda na kadi yake tupu, akasimama mbele ya kiti chake barazani, na alipoulizwa kwa nini anataka kujenga, akamweleza kila kitu, hata ile sifuri. Shosho aligeuka akamtazama Wangeci, halafu mimi, na tukatamani kichapo kuliko jicho lile. "Mimi nilikuja hapa nikapanga miaka tisa," akasema. "Kwa chumba cha matope, mvua ikinyesha tunalala tumekaa. Nani aliwadanganya mlizaliwa na ploti?" Hatukujua. Kweli kabisa, hakuna aliyekuwa ametuambia. Aliinuka, akachukua kamba ya manila na vigingi, akampeleka Akinyi kwenye kishamba cha nyuma ambako sukuma wiki ilikuwa imeng'olewa. Akamwonyesha namna alivyopima chumba cha kwanza cha ploti ile kwa mikono yake: vigingi vinne, kamba ikizunguka, kisha kamba nyingine kutoka kona hadi kona, na nyingine kati ya kona mbili zilizobaki. Kamba hizo mbili zikilingana, nyumba imenyooka. Zikipishana hata kwa kidole, usimwage saruji. Akinyi alichimbua vigingi na kuvichimbia tena mpaka jua lilipohamia upande wa pili wa ukuta, na Shosho, aliyekuwa na magoti mabovu, alisimama naye wakati wote huo. Akampa tano. Alisema sita atampa siku atakapojenga.

Jioni iliyofuata Akinyi alisimamisha nyumba yake kwenye kilima cha mfalme. Alirusha dadu, ikaangukia nne. Milango miwili, mmoja wa kuangalia maji. Mimi niliyekuwa na ujuzi wa rula na kisu niliofundishwa na Mzee Sandhu ndiye niliyempimia mpaka, na Wangeci akaingia safarini kama fundi wa nguo dhaifu sana ambaye matundu yake yalifumuka mara mbili kati ya tatu. Hakuna aliyehama. Mama Akinyi alikaa chumba namba tatu hadi Akinyi alipomaliza darasa la nane, na kabla ya Januari kwisha nusu ya mtaa ilikuwa imetia sahihi nyuma ya kadi zetu: muuza mitumba, mlinzi wa usiku, mke wa mchungaji, dereva wa lori la mchanga. Kisha barua ya kidato cha kwanza ikaja, Wangeci akaenda bweni na sanduku la bati, na mchezo ukaisha jinsi mambo ya watoto yanavyoisha, bila mtu kutangaza.

Aliye juu mngoje chini. Shosho amekwishatutoka, ploti iligawanywa kati ya baba zangu wadogo, ikauzwa, na pale palipokuwa na sukuma wiki sasa pamesimama ghorofa nane zisizo na kamba ya nguo hata moja. Mimi mjukuu wa mwenye ploti ninapanga Kileleshwa, nyumba ya vyumba viwili inayotazama dirisha la jikoni la jirani. Jirani huyo ni Akinyi. Alinitafutia nyumba hiyo yeye mwenyewe, na siku ninahamia alisimama mlangoni akasema, "Watu wa Mlima hawajengi," akacheka mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza kuna nini. Wenzangu wa ofisini hukutana siku za Jumamosi mchana kucheza mchezo ule ule wa safari, kwa vitabu vinono vyenye picha za rangi. Navipenda, sitadanganya. Vina fani nyingi kuliko vidole vya mikono na miguu, na ndani ya kila fani vijia vya kuchagua, kazi ya watu wenye akili kubwa. Unakaa na kalamu, baada ya robo saa unajua kila kitu. Nilimpigia Wangeci simu, anakofundisha hesabu shule ya wasichana huko Nyeri, nikamsomea kurasa mbili kwa msisimko. Alisikiliza kwa makini, akazisifu hesabu za vitabu hivyo. Halafu akauliza, "Na huyo mtu amefundishwa na nani?" Nikatafuta kwenye karatasi. Nafasi hiyo haikuwepo.

Mwezi uliopita binti wa Akinyi, Atieno, mwenye miaka tisa, alinibishia mlango. Mkononi alikuwa na kadi ya waridi iliyofifia, mojawapo ya zile ambazo hazikuandikwa. Mamake alikuwa amezihifadhi kwenye mkebe wa biskuti, nami sikujua. Akaniambia ametumwa afundishwe na mtu asiye wa nyumba yao, na mimi ndiye wa kwanza. Nikamkaribisha nikaanza kufikiri nitamfundisha nini. Ninaandaa ripoti zinazosomwa na watu wanaoandaa ripoti. Najua kujibu barua pepe kwa upole nikiwa nimekasirika. Nilisimama sebuleni kwangu nikiwa mtu mzima mwenye mshahara na cheo, nikaona kadi yangu ni tupu, na moyo ukaniuma kweli. Kisha nikakumbuka rula ya chuma iliyoko kwenye droo. Nikatandika gazeti mezani, nikampa karatasi na kisu, nikamsimamia mgongoni. Ya kwanza ilienda upande. "Rudia," nikamwambia. "Usiangalie kisu. Angalia mahali kisu kinakwenda." Akarudia, akarudia, ulimi nje, na chumba kikajaa ile harufu.

Saa moja baadaye alikata mstari ulionyooka karibu wote. Akanipa kalamu na kunionyesha mahali pa kuandika. Nikaandika jina langu kamili mbele ya maneno yale, Nimefundishwa na. Akinyi alikuwa ameshafika mlangoni, ameegemea. "Usimpe sita," akasema. Nikamwandikia mbili. Atieno akaitazama kadi kwa huzuni ya mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza darasani, akaniuliza mbona mbili tu. Nikamwambia mbili ndizo alizopewa dada yangu Wangeci, baada ya kufumua siku tatu, na kadi yenyewe Wangeci alimwachia Mama Akinyi, nyanya yake Atieno, ambaye bado anayo.